Mtoto ameshahojiwa vya kutosha: barua ya wazi kwa mawaziri wanaohusika na watoto, afya na TAMISEMI

Waheshimiwa Mawaziri,

YAH: TIBA KWA SANAA KWA WATOTO WALIOFANYIWA UKATILI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Mwanza. Tangu nistaafu najitolea katika nyumba salama inayopokea watoto waliopigwa, waliobakwa, waliochomwa moto au waliotoroka kuozwa. Sikuandika barua hii kumshitaki mtu. Kuna kazi moja ambayo Serikali imeifanya nusu, tena nusu iliyokuwa ngumu zaidi, halafu nusu nyepesi ikaachwa njiani.

Nusu iliyofanyika naijua na naiheshimu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009 na kutangazwa 2011, ulituanika hadharani: karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu robo tatu ya wote, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili. Nchi nyingine ingefungia matokeo ya namna hiyo kabatini. Yetu iliyachapa. Sheria ya Mtoto ilipitishwa mwaka huohuo wa 2009. Baadaye tukapata Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini vinavyompa mtoto huduma zote mahali pamoja, namba 116 ambayo mtoto anaipiga bure, MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto) wa kwanza ulioanza 2017/18 na sasa awamu ya pili, na madawati ya ulinzi wa mtoto mashuleni. Nimefundisha enzi ambazo hayo yote hayakuwepo. Siwezi kuyabeza.

Lakini hebu mfuateni mtoto mmoja anavyopita humo. Anaanza kwa kumwambia mama mdogo, au mwalimu anayemwamini. Mwalimu anampeleka kwa mwalimu mkuu, anarudia. Anaitwa mtendaji wa mtaa, anarudia. Dawati la polisi anarudia tena, safari hii mtu anaandika huku akimkatiza, kisha anapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Hospitali anaulizwa upya kabla ya kupimwa. Afisa ustawi wa jamii naye ana fomu yake. Wakili wa Serikali anataka kumsikia kabla ya kesi. Mwisho anasimama mbele ya hakimu, anaahidi kusema ukweli na kutosema uongo kama Sheria ya Ushahidi inavyotaka kwa mtoto mdogo, na anaanza mwanzo mbele ya watu asiowajua. Kila mmoja wa hao ana haki ya kuuliza, na bila wao wahalifu wangetamba mitaani. Ila yapangeni maswali yote hayo mkekani muyatazame: yote yanamtafuta mtuhumiwa. Hakuna hata moja linalomtafuta mtoto.

Hukumu ikitoka, faili linafungwa na mtoto anarudi darasani. Hapo ndipo sisi walimu tunapomkuta.

Sonona ya mtoto inatupita kwa sababu tunasubiri machozi. Mtoto mwenye sonona mara nyingi halii, anakuwa mkali. Anawapiga wenzake, anajibu ovyo, tumbo linamuuma kila asubuhi, anarudia kukojoa kitandani wakati alishaacha, anasinzia kipindi cha hisabati kwa kuwa usiku hakulala. Anaacha kucheza, na hicho ndicho ninachokitazama kwanza. Wenzake wanapiga kombolela, yeye kaegemea ukuta, kama vile mapumziko ni adhabu. Nyumbani watasema ana kiburi, au ana mashetani, na atapelekwa kwa mganga au kwenye maombi. Shuleni ataitwa mvivu. Na kwa kuwa kanuni zetu bado zinaruhusu viboko hadi vinne, mtoto aliyeokolewa kwenye fimbo ya nyumbani anaweza kuikuta fimbo nyingine ofisini kwa mwalimu mkuu, kwa kosa la kusinzia. Hilo nalo mlitazame, ingawa linastahili barua yake.

Sasa nije kwenye ombi langu. Nawaombeni muingize tiba kwa sanaa katika huduma anazopewa mtoto aliyefanyiwa ukatili, iwe sehemu ya huduma yenyewe, isiwe zawadi ya mfadhili anayepita.

Nieleze kwanza ilivyo, maana wengi wakisikia sanaa wanafikiria bendera za karatasi na mashindano ya kuchora. Kuna mkeka au meza fupi, mahali palepale, saa ileile, kila wiki, na mtu yuleyule. Mezani kuna karatasi, penseli za rangi, krayoni, mkaa wa jikoni, na bonge la udongo wa mfinyanzi lililofunikwa kitambaa kibichi lisikauke. Mtoto anachagua. Kuchagua huko kuna uzito kuliko kunavyoonekana, kwa sababu huyu ni mtoto ambaye wengine waliamua juu ya mwili wake. Leo anaamua yeye kama ni udongo au rangi, kama atachora au atakaa tu. Mnasihi hamwambii, "Chora kilichokupata." Hamsifii, "Mchoro mzuri sana," wala hamkosoi, "Mbona mti una bluu?" Anauliza kwa upole juu ya kilichopo kwenye karatasi, au ananyamaza naye. Muda ukiisha mtoto ananawa mikono, kisha anasema mchoro wake uende wapi: kwenye bahasha yake ya kaki ndani ya kabati lenye kufuli, au uchanwe. Kuchana kunaruhusiwa.

Kwa nini hili linagusa pale ambapo maswali hayagusi? Mtoto wa miaka saba hana maneno ya kilichompata. Akiwa nayo, tumemfundisha wenyewe kwamba hayo hayatamkwi mbele ya wakubwa. Tumemfundisha pia asimkodolee macho mtu mzima anayezungumza naye, halafu tunamketisha uso kwa uso na mgeni tukitegemea afunguke. Akiwa na kazi mikononi, macho yanabaki kwenye karatasi na adabu yake haivunjiki. Juu ya hayo yote, aliyemdhuru alimtisha: ukisema nitakuua, ukisema mama yako atafungwa. Aliambiwa asiseme. Hakuna aliyemwambia asichore.

Hili limepimwa. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, Julien Gross na Harlene Hayne, walilinganisha watoto wadogo walioombwa kusimulia mambo yaliyowafurahisha, kuwahuzunisha au kuwatisha na wenzao walioombwa kuyachora huku wakisimulia. Waliochora walieleza takriban mara mbili zaidi. Na hao walikuwa watoto wa kawaida, hawakuwa na mtu aliyewatishia.

Niwape mfano wa kwetu, nikiwa nimebadilisha mambo ya kutosha mtoto asitambulike. Tulipokea mvulana aliyekuwa akichunga ng'ombe wa jamaa yake, na jamaa huyo alikuwa akimpiga kwa fimbo ileile ya kuchungia. Wiki nyingi alichora ng'ombe tu, wote wakielekea upande mmoja, pembe zimechongwa kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Mimi na ualimu wangu ningeshamuuliza wewe uko wapi kwenye picha. Mnasihi hakumuuliza hivyo, alimuuliza majina ya ng'ombe. Akayataja mmoja mmoja, na rangi zake, na yupi anapenda kuingia shamba la watu. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza marefu tangu afike. Baadaye sana akachora fimbo, peke yake, ikajaza karatasi nzima. Siku nyingine akaifinyanga kwa udongo, akaivunja, akaomba udongo mwingine, akafinyanga tena, akavunja tena. Wiki hiyo alianza kumaliza ugali wake. Hadi anaondoka kwetu hakuwahi kutusimulia kwa mdomo yote yaliyompata, na sijaona kama lilimpunguzia kitu.

Si kila mtoto atashika krayoni. Kuna binti alisukuma karatasi pembeni akataka ukindu, akasuka. Ilikuwa sawa.

Tiba hii mnaweza kuambiwa ni ya kizungu. Jina lake kwa Kiingereza lilianzia kweli Uingereza, mwaka 1942, kwa mchoraji Adrian Hill aliyekuwa akiuguzwa kifua kikuu na kuona kuchora kunamsaidia yeye na wagonjwa wenzake. Lakini wazee wetu walijua kwamba kuna mambo mazito ambayo mdomo hauyabebi peke yake. Vinyago vidogo vya udongo vya jando na unyago, ambavyo Hans Cory alivikusanya na kuviandikia kitabu miaka ya 1950, vilikuwa na kazi hiyo: mwali anaonyeshwa sanamu, anaimbiwa wimbo wake, na jambo lisilosemeka hadharani linafundishika. Mkono na udongo si wageni hapa.

Kuna mtu mmoja katika historia ya tiba hii ambaye napenda mumjue, kwa sababu anaondoa kisingizio cha vifaa. Friedl Dicker-Brandeis, mchoraji mzaliwa wa Vienna, alipelekwa na Wanazi kwenye kambi ya Terezín mwishoni mwa 1942. Katika mzigo alioruhusiwa kubeba alitia vifaa vya kuchorea. Humo kambini, penye njaa na magonjwa, aliwafundisha mamia ya watoto kuchora, wakitumia hata karatasi za ofisini zilizokwisha kuandikwa upande mmoja. Alihakikisha wanaandika majina yao kwenye kazi zao, mahali ambapo watu walikuwa wamegeuzwa kuwa namba. Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz akauawa, na wengi wa watoto hao waliuawa pia. Aliacha masanduku mawili yenye michoro karibu 4,500, ambayo leo imetunzwa Prague. Mwanafunzi wake wa zamani, Edith Kramer, aliyekimbilia Marekani 1938, ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa tiba kwa sanaa huko, akianza na wavulana wenye maisha magumu katika jimbo la New York. Basi nikiambiwa halmashauri imekosa rimu ya karatasi, mniwie radhi nikikunja uso.

Kuhusu ushahidi wa kitabibu sitawapamba. Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 juu ya sanaa na afya, na picha ya jumla ni nzuri. Lakini tafiti za tiba kwa sanaa kwa watoto waliofanyiwa ukatili nyingi ni ndogo, na tiba yenye ushahidi mzito zaidi kwa watoto wenye kiwewe ni ile ya mazungumzo ya hatua kwa hatua, ambayo mtoto anafundishwa kutuliza mwili, kupanga mawazo, kisha kusimulia lililompata kidogo kidogo. Hata humo, mdogo anapofika hatua ya kusimulia, mara nyingi anapewa karatasi achore. Hivyo siwaombi mchague kimoja mtupe kingine.

Na tiba hiyo ya hatua imeshajaribiwa nyumbani. Moshi kwa upande wetu na Bungoma kwa upande wa Kenya, watoto 640 waliofiwa na wazazi walishiriki utafiti uliochapishwa 2020. Waliowahudumia hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa watu wa kawaida wa jamii, waliofundishwa vizuri na kusimamiwa kwa karibu. Tiba ilipokamilika, katika maeneo matatu kati ya manne watoto walikuwa wamepungukiwa dalili kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Johannesburg nako, kituo cha Lefika la Phodiso, alichokianzisha Hayley Berman, kimekuwa kikiwafunza watu wa jamii kuwa washauri wanaotumia sanaa. Kwa hiyo hoja ya "hatuna wataalamu" ina jibu: tutafunza watu, na wataalamu wachache tulionao watawasimamia.

Watu wa kufundisha tunao. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko Kijitonyama, inatoa maafisa ustawi kila mwaka. TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, iko Bagamoyo, inafundisha uchoraji, uchongaji, ngoma na maigizo. Hivi ni nani amewahi kuwaketisha meza moja? Kozi fupi yenye cheti, iliyoandikwa na taasisi hizo mbili pamoja na wanasaikolojia tiba wa hospitali za Muhimbili na Mirembe, ingemtosha afisa ustawi wa wilaya na mnasihi wa nyumba salama kuanza. Usimamizi usiachwe. Mtu anayeketi na maumivu ya watoto kila siku anahitaji mkubwa wa kumpigia simu na kumwambia, "Leo huyu amechora hivi, mimi nimeshikwa na woga, nifanye nini?" Bila hivyo naye ataugua, au ataanza kuwa mgumu, na mtoto anaujua ugumu kabla ya mtu kusema neno.

Nyumba yetu ilikuwa na mnasihi aliyefunzwa kwa mradi wa mfadhili. Mradi ulipokwisha, rangi zilikwisha, na yeye akaenda kutafuta riziki. Watoto walikuwa wakiuliza Alhamisi yake iko wapi. Ndiyo maana nang'ang'ania bajeti. Kila kituo cha Mkono kwa Mkono kipate chumba kidogo au hata kona yenye pazia, saa zinazojulikana, na mtu. Vifaa vinavyoisha, yaani karatasi, rangi, gundi, viwe na mstari wake katika bajeti ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Udongo tutaufuata bondeni wenyewe. Na nyumba salama za Mara, ambako mabinti hukimbilia kuukwepa ukeketaji likizo ya Desemba, ziwe za kwanza kupata watu waliofunzwa, kwa sababu pale watoto huja kwa wingi na kwa mpigo, na wengi wanamkimbia mtu wanayempenda.

Kuna mambo matatu yataiharibu kazi hii yasipowekewa mwongozo mapema.

La kwanza ni mahakama. Siku moja mwendesha mashtaka mwenye nia njema atataka kubeba mchoro wa mtoto akauweke kuwa kielelezo. Msiruhusu. Mchoro wa nyumba nyeusi hauthibitishi kosa la mtu yeyote. Mtoto anaweza kuchora nyeusi kwa kuwa ndiyo krayoni iliyobaki. Mtoto akitamka jambo jipya la ukatili, Sheria ya Mtoto inamtaka mtu yeyote anayelijua kutoa taarifa, na itatolewa kwa njia zake. Bahasha ya kaki ibaki kabatini. Mtoto akishajua kwamba anachokichora kinaweza kusomwa mahakamani, tumegeuza mkeka kuwa kizimba.

La pili naliogopa zaidi, kwa kuwa linafanywa kwa shangwe. Ni maonyesho. Inafika 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, kuna mahema, kuna mgeni rasmi, na michoro ya watoto wa nyumba salama imebandikwa ubaoni na jina, umri na kisa. Simu zinapiga picha, jioni zimeshafika kwenye makundi ya WhatsApp ya wilaya nzima. Mtoto ambaye jirani zake hawakuwa wakijua sasa anajulikana hadi sokoni. Mchoro wa tiba hauna tofauti na cheti cha hospitali. Hatubandiki vyeti vya wagonjwa ubaoni.

La tatu ni mashindano, nalo ni fupi: mkianza kutoa zawadi ya mchoro bora, watoto watachora mnachokitaka.

Kwa walimu wenzangu, mtaala mpya umeleta somo la Sanaa na Michezo, nami nimefurahi. Naomba tu walimu waelekezwe mipaka yao. Kipindi cha sanaa kinaweza kumpa mtoto pumzi, lakini mwalimu mwenye darasa la watoto mia hawezi kuwa tabibu, na akiona mchoro uliomtisha asiusome mbele ya darasa wala asimhoji mtoto. Amwite mwalimu wa unasihi, waanzie hapo. Na yeyote kati yetu, mwalimu au mnasihi, akisikia mtoto anasema anataka kufa, au anaona amegoma kula kabisa, hapo krayoni ziwekwe chini na mtoto afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Kanda ya Ziwa tuna Bugando; kila kanda ijue pake.

Waheshimiwa, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na halmashauri huandaa makisio yake miezi mingi kabla. Maelekezo yakitoka kwenu kwa maandishi, wakurugenzi watayaweka. Yakitolewa jukwaani, yataishia jukwaani. Naomba basi mwongozo wa tiba kwa sanaa uandikwe na wizara zenu tatu kwa pamoja, na maelekezo ya bajeti yafuatane nao. Kama jibu ni kwamba fedha hazipo, naomba nijibiwe hivyo kwa barua, nikaisome kwenye kikao chetu cha kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata, ili tujue tuanze kuchangishana kuanzia shilingi ngapi.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu,
Nyamagana, Mwanza.

Nakala:
Kamishna wa Ustawi wa Jamii
Wakurugenzi wa halmashauri zote
Wakuu wa Madawati ya Jinsia na Watoto
Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama
TaSUBa, Bagamoyo